Kipimajoto Kinasoma 24 na Barafu Iko Juu ya Mguu: Kosa Liko Wapi?

"Shikamoo kaka. Kile kipimajoto kimekufa."

"Marahaba. Kimekufaje?"

"Nimemwekea kijana barafu dakika kumi na tano nzima, ngozi bado inasoma 24. Si kimekufa hicho?"

Simu hiyo niliipokea asubuhi moja ya Juni nikiwa Uyole, Mbeya, kwenye foleni ya daladala. Aliyepiga ni binti anayejifunza kazi ya fiziotherapia chini yangu, na mgonjwa alikuwa mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu. Nilimuuliza mambo matatu. Barafu iko ndani ya nini? Ndani ya chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa. Kati ya chupa na ngozi kuna nini? Taulo kavu, imekunjwa mara mbili "asiungue". Na ncha ya waya wa kipimajoto, ile inayohisi joto, umeiweka wapi? "Hapo pembeni, ili isibanwe."

Kipimajoto kilikuwa kizima kabisa. Ngozi ya pembeni mwa chupa, chini ya taulo kavu, ilikuwa kweli kwenye nyuzi 24. Kifaa hiki hujibu swali moja tu: nimegusa nini? Mengi ya "makosa ya mashine" ninayoletewa hapa Mbeya yanakwisha mtu akilijibu swali hilo kwa uaminifu kabla ya kufungua betri. Nimeandika haya kwa wenzangu wa vituo vya afya na wale wanaohudumia timu za mpira, ambao wana kipimajoto kimoja, barafu ya kuombaomba, na daftari. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.

Hali isiyo na kosa inafananaje

Huwezi kumjua mgeni kama humjui mwenyeji. Mtu aliyetulia kwenye chumba cha wastani ana ngozi ya nyuzi 32 hadi 34 kifuani na mgongoni. Miguuni na mikononi hushuka, mara nyingi 28 hadi 32, na vidole ni vigeugeu: vinaweza kuwa 33 sasa hivi na 22 baada ya nusu saa bila mtu kuugua chochote.

Ukiweka barafu iliyopondwa yenye majimaji juu ya kitambaa chembamba kilicholoweshwa, ngozi huporomoka katika dakika tano za kwanza. Kisha mwendo hupungua, na kati ya dakika ya 10 na ya 20 inakuwa karibu na 10, juu kidogo au chini kidogo. Namba tunazozitafuta ni hizi: ngozi ikifika kwenye 13 na kitu maumivu huanza kufifia, kwenye 12 na nusu mishipa ya fahamu hupunguza kasi ya kupeleka taarifa kwa kama asilimia 10, na kati ya 10 na 11 shughuli za kikemia ndani ya seli hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo ngozi iliyobaki kwenye 24 imepoa tu. Matibabu bado hayajaanza.

Ukiondoa barafu, ngozi hupanda upesi dakika chache za mwanzo, halafu inasuasua. Saa nzima baadaye inaweza kuwa haijarudi ilikoanzia. Msuli wa ndani, kwa upande wake, huendelea kupoa kwa muda hata baada ya barafu kutoka, kwa sababu joto lake linahamia kwenye ngozi iliyopoa. Mtu mwenye mafuta mengi chini ya ngozi atakupa karibu mchoro uleule wa ngozi, lakini msuli wake utapoa polepole zaidi. Usisome msuli kwa kutazama ngozi.

Jaribio la sifuri, kabla ya kumlaumu mtu

Ponda barafu, jaza kikombe hadi mdomoni, kisha mimina maji safi ya baridi yajaze nafasi zilizobaki. Barafu ifike hadi chini ya kikombe, isielee juu ya dimbwi. Koroga, subiri dakika tatu, tia ncha katikati bila kugusa ukuta. Inapaswa kusoma 0, ikipishana si zaidi ya nusu. Ikisoma 1.2 kila mara, kifaa hakijafa. Kina deni la 1.2. Andika deni hilo kwenye kipande cha plasta, kibandike mgongoni mwa kifaa, uwe unalitoa. Kinachosoma 0.3 leo, 2 kesho na -1 keshokutwa ndicho cha kuaga.

Tafadhali msikithibitishe kwa maji yanayochemka. Vitabu vinasema 100, lakini vitabu hivyo vinazungumzia usawa wa bahari. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji yake huchemka karibu na 94. Iringa mjini ni chini kidogo ya hapo kwa mwinuko, maji yanachemka 94 au 95. Ukipanda Makete sufuria inachemka mapema zaidi, na maharage ya huko ni mashahidi. Nimeona kipimajoto kizima kikitupwa jalalani kwa kosa la kusema ukweli kwenye sufuria. Barafu inayoyeyuka haijali mlima: ni sifuri Kyela bondeni, ni sifuri Kitulo juu milimani.

Nukta moja haitoshi, kwa hiyo tafuta ya pili. Maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, kipimajoto chako na kile cha homa cha kidijitali vikiwa pamoja, vyote karibu na 37. Vikikubaliana hapo na kwenye sifuri, katikati unaweza kuamini.

Barafu ipo, ngozi haishuki

Hii ndiyo ya yule binti, na ndiyo ninayoikuta kila wiki. Anza na taulo. Taulo kavu ni blanketi. Nyuzi zake zimejaa hewa, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Iloweshe, ikamue, ifanye tabaka moja. Badiliko hilo peke yake mara nyingi huiangusha ngozi nyuzi kadhaa ndani ya dakika tano, na hapo utajua ulikuwa unapambana na nini.

Ikiwa kitambaa kimelowa na bado namba inang'ang'ania juu, tazama umbo la barafu. Chupa ni duara na kifundo ni mifupa na mabonde: vinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Vipande vikubwa vya mraba vina shida hiyohiyo, vinaacha mapango ya hewa. Barafu iliyopondwa na kutiwa maji kidogo hujilaza kwenye kila bonde. Tena barafu inayoyeyuka inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana: kila kilo ikigeuka maji hunyonya kilojuli 334 za joto bila yenyewe kupanda hata nyuzi moja. Ndiyo maana mimi nafurahi kuona majimaji kwenye mfuko. Mgonjwa akilalamika "barafu yenu imeyeyuka", namwambia ndiyo kazi tuliyoileta.

Chombo cha kutilia barafu tunachokimudu wengi ni glavu ya mpira iliyofungwa mdomo, au mfuko mzito wa nailoni ulionyonywa hewa. Kama mfuko umetuna kama puto, hewa hiyo iko juu ya ngozi, si barafu. Ifungue, ibinye, ifunge tena.

Angalia pia kiasi. Konzi moja ya barafu juu ya paja la beki huisha kabla ya dakika kumi, na kuanzia hapo unapima maji ya baridi. Ukiona namba ilishuka hadi 16, ikakaa, kisha ikaanza kupanda huku mfuko ukiwa bado pale, fungua mfuko utazame ndani.

Mwisho ndiyo uulize ncha iko wapi. Iwe katikati ya eneo lililofunikwa, si pembeni. Pembeni mwa mfuko ngozi inaweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko katikati, na mgonjwa akijigeuza kidogo tu ncha inatoka nje kabisa.

Imeshuka hadi 2 ndani ya dakika moja

Hapa watu hufurahi, na hawapaswi. Ngozi yenye damu inayopita haifiki 2 kwa dakika moja chini ya mfuko wa barafu. Ncha imegusa barafu, au imelala kwenye maji yaliyovuja, au plasta imebanduka na waya umeelea.

Jaribio lake ni jepesi. Inua mfuko na kitambaa, hesabu sekunde kumi huku ukitazama namba. Ngozi iliyopozwa kweli hupanda kwa adabu, sehemu ya nyuzi au nyuzi moja hivi. Ikiruka nyuzi tano, ulikuwa unasoma barafu.

Ukweli usiopendeza ni kwamba kihisi chochote kilichofungwa chini ya barafu kina pande mbili: upande mmoja unagusa ngozi, wa pili unatazama baridi. Namba unayopata ni mapatano ya hao wawili. Ukitumia waya mwembamba wenye ncha ndogo kama punje ya mtama, ngozi inapata kauli kubwa zaidi. Unaweza pia kufunika mgongo wa ncha kwa kipande cha sponji kisichozidi kucha ya kidole kidogo. Kikizidi hapo kinakuwa kisiwa cha joto: ngozi chini yake haipoi kama jirani zake, na umebadilisha kosa moja kwa jingine. Binafsi naacha sponji, natumia ncha ndogo na plasta nyembamba tabaka moja, na kila baada ya dakika tano nainua na kusoma. Usikaze plasta kuzunguka mguu mzima. Inabana mishipa, damu haiji, na ngozi inapoa kwa sababu yako wewe.

Plasta kubanduka kuna mzizi wake huku kwetu. Msimu wa baridi ngozi hukauka na kupauka, na hakuna mtu wa Mbeya anayetoka nyumbani bila kujipaka mafuta. Plasta haishiki juu ya mafuta. Osha kwa sabuni, kausha kwa kugonga-gonga, subiri dakika chache, ndipo ubandike.

Bunduki ya homa inaandika "Lo", au kila mahali ni 36

Vile vipimajoto vya kuelekezea kwenye paji la uso, vilivyoenea kipindi cha Uviko, vimetengenezwa kutafuta homa. Vikiwa kwenye mpangilio wa kupima mwili, vingi haviandiki namba iliyo chini ya 32, vinaandika "Lo", yaani chini mno, na namba vinayotoa si ya ngozi hasa: vinaongeza hesabu ya kukisia joto la ndani. Ngozi ya 31 inaweza kutoka kama 36 na ukarudi nyumbani ukiamini barafu haina kazi. Tafuta kitufe cha mpangilio wa kupima vitu, mara nyingi kimechorwa sanduku au kikombe badala ya mtu. Kisha ielekeze kwenye kikombe cha jaribio la sifuri. Ikisoma kati ya -2 na 2, itakufaa kwa kazi hii. Ikikataa, irudishe mlangoni ikaendelee na homa.

Kipimajoto cha zebaki wala msihangaike nacho. Kinaanzia 35.

Kila ukipima kwa mbali inatoka namba tofauti

Simama papo hapo, mguu uleule, bunduki ileile: 14, 17, 12. Kwanza umbali. Bunduki nyingi za mafundi zimeandikwa 12:1, maana yake ukiwa sentimita 12 kutoka kwenye ngozi unapima duara la sentimita moja. Ukisimama mita moja duara linazidi sentimita 8, na ndani yake kuna kifundo, taulo na kitanda. Ile nukta nyekundu haionyeshi ukubwa wa duara, na ukiwa karibu sana haipo hata katikati yake. Kata kijiti cha sentimita 10, kishikize kwenye bunduki kwa plasta, ncha yake ifike karibu na ngozi bila kuigusa. Umbali umekwisha kuwa mjadala.

Pili maji. Miale ya joto haipenyi tabaka la maji, kwa hiyo ukipima ngozi iliyolowa unapima maji, nayo yanapoa zaidi yakiwa yanakauka. Gonga-gonga kwa kitambaa kikavu. Usisugue, kusugua kunatia joto. Halafu pima ndani ya sekunde zilezile kila mara. Mimi ni sekunde ya kumi tangu mfuko kutoka. Anayepima sekunde ya kumi leo na ya sitini kesho anapima uvivu wake. Na msijaribu kupima kupitia nailoni ya mfuko, kwa maana hapo unasoma nailoni.

Tatu bunduki yenyewe. Imelala kwenye gari usiku wa Julai, imeingizwa chumbani, ikatumika hapohapo. Inajilinganisha na joto la mwili wake, na mwili wake bado uko nje na baridi. Iache chumbani nusu saa. Ukishindwa kusubiri, usiandike namba.

Kuna swali naulizwa mara nyingi: je, ngozi nyeusi inahitaji kurekebishiwa mashine? Hapana. Kwa miale ya joto, ngozi za binadamu wote ni karibu kitu kimoja, zinatoa takriban 0.98 ya miale ambayo kitu kinachotoa miale kikamilifu kingetoa. Bunduki iliyopangwa kuhesabu kwa 0.95 itakukosea kidogo, chini ya nyuzi moja kwa hali hizi, na itamkosea Mzungu vilevile.

Kifaa cha kurekodi kinaandika 85 au -127

Vijana wa vyuo vya ufundi wameanza kutuundia vifaa vya kurekodi kwa Arduino (kompyuta ndogo ya kuundia vifaa) na kihisi cha joto cha DS18B20, na nawashukuru, ni rahisi na kinaandika chenyewe. Ukiona 85 tupu kwenye orodha, programu imesoma kabla kihisi hakijamaliza kupima. Kinahitaji hadi milisekunde 750. Ukiona -127, waya umekatika au umelegea, au ile rezista ya kilo-ohm 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme haipo. Futa namba hizo, usizitafutie wastani. Tena kihisi hicho kikiwa ndani ya kapsuli yake ya chuma ni kinene na cha mviringo, kinagusa ngozi kwa mstari tu na kinachelewa kufuata. Kwenye beseni ni kizuri sana. Kwenye ngozi nakikubali kwa shingo upande.

Mguu umeanza na 23 kabla hata ya barafu

Hapa ndipo nyanda za juu zinapotutenga na wenzetu, na hapa nitakaa kidogo.

Mgonjwa ametoka Mbalizi kwa bodaboda saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, kandambili miguuni. Amefika, mmempima: mguu 23, mkono 21. Mmeweka barafu, ukashuka hadi 12. Daftari linasema "ameshuka nyuzi 11". Rafiki yangu wa Dar es Salaam anamwekea mgonjwa wake barafu ileile, anaanzia 34, anashuka nyuzi 16 na kuishia 18, na anajisifu kwamba barafu yake ina nguvu. Ya kwetu imefika kwenye eneo la kutuliza maumivu, ya kwake bado. Andikeni vyote viwili, mlipoanzia na mlipofikia. Tofauti peke yake inadanganya, na huku kwetu inadanganya kuliko Pwani.

Ngozi iliyokwisha kupoa barabarani imefunga mishipa yake midogo. Itashuka kwa mkondo mwingine na itapanda kwa mkondo mwingine. Kwa hiyo mtu aketi kwanza dakika 15 hadi 20, sehemu ya kupimwa ikiwa wazi, bila soksi wala blanketi, kwenye chumba kisicho na upepo. Wanaopima kwa kamera za joto hupenda chumba cha nyuzi 20 hivi, na muhimu zaidi kisibadilike. Chumba chenye paa la bati kinaweza kuwa 13 asubuhi na 27 saa nane mchana. Mgonjwa aliyepimwa asubuhi Jumatatu na mchana Alhamisi amepimwa bati. Sisi tumehamisha vipimo vyote kati ya saa nne na saa saba, na kuna kipimajoto cha chumba ukutani, mbali na dirisha, ambacho namba yake huandikwa kwenye mstari wa kwanza.

Msiingize jiko la mkaa ili kupasha chumba. Kwanza linapasha upande mmoja wa mgonjwa na kuacha wa pili. Pili, na hili ni kubwa kuliko vipimo vyote, chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa kinaua watu kimyakimya kila msimu wa baridi.

Ulizeni pia mtu ametoka kufanya nini. Sigara hufunga mishipa ya vidole. Chai ya moto, mazoezi na pombe huifungua. Aliyepitia kwenye ulanzi (pombe ya mianzi) njiani atakuwa na ngozi ya moto na hadithi nyingi, na vipimo vyake mviweke kando. Mguu uliovimba na kuuma huwa na joto zaidi kuliko mwenzake, hilo si kosa, ni habari. Kwa sababu hiyo pimeni miguu yote miwili kila mara, mzima ukiwa shahidi. Ila tofauti ikizidi nyuzi chache na mguu ulio baridi ndio unaouma, ukiwa umepauka, simamisheni barafu na muangalie kwanza kama damu inafika kwenye mguu huo.

Mkono umo kwenye maji ya barafu, na namba inapanda

Mwanafunzi mmoja alibadilisha betri mara mbili kwa ajili ya hili. Kidole kimezamishwa kwenye maji ya barafu. Kinashuka hadi 6, kinauma. Dakika ya saba au ya nane kinaanza kupanda, 8, 11, 13, maumivu yanapungua. Halafu kinashuka tena. Kinapanda na kushuka kama mtu anayepumua.

Kifaa ni kizima, na mkono ni mzima. Daktari Mwingereza Thomas Lewis alilieleza jambo hili mwaka 1930: baridi inapozidi, baada ya dakika tano hadi kumi hivi mishipa ya vidole iliyojifunga hufunguka ghafla, damu ya moto inapita, kisha hufunga tena. Hutokea sana kwenye vidole vya mikono na miguu, masikio na pua, kwa sababu huko kuna njia za mkato zinazounganisha ateri na vena moja kwa moja. Ukirekodi kila dakika tano utalikosa au utalikuta nusu. Rekodi kila sekunde 30.

Lakini msilitumie kufunika uzembe. Ngozi ya paja ikipanda ghafla chini ya mfuko, huo si mchezo wa mishipa, mfuko umeteleza au barafu imekwisha. Na kwenye beseni lililotulia maji yanayougusa mkono hupata joto na kubaki pale kama shati. Tia kihisi cha pili kwenye maji, koroga, na usome tena. Ikiwa maji hayajabadilika na ngozi bado inacheza juu na chini, mishipa ndiyo inayocheza.

Namba ni sahihi, mtu si sawa

Hili halina uvumilivu. Ukimuuliza, mgonjwa hupita hatua nne: baridi, kuchoma, kuuma, ganzi. Akifika ganzi toa barafu, hata kama kipimajoto kinasema 15. Dakika 20 ni mwisho, usiongeze ili kuifukuzia namba.

Ngozi huganda chini kidogo ya sifuri. Barafu inayoyeyuka haiwezi kwenda chini ya sifuri, lakini jeli iliyotoka sasa hivi kwenye friza ya -18 inaweza, na barafu yenye chumvi inaweza zaidi, hadi karibu na -21. Tuliwahi kuletewa ndoo ya barafu kutoka kwa muuza samaki, tukashukuru, tukaitumia. Ncha ilisoma -4 kwenye kitambaa, nikadhani waya umeharibika. Nikaonja: chumvi. Tangu siku hiyo barafu yoyote ya kupewa hupitia jaribio la kikombe kwanza.

Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu unajificha. Tazama unyayo, kiganja, na kucha: bonyeza ukucha, uachie, ulinganishe na wa mguu mwingine jinsi rangi inavyorudi. Mabaka ya kijivu au meupe, magumu kama nta, ni dalili ya kuganda. Hapo namba haina la kuongeza.

Kabla ya kuweka barafu, uliza siko seli. Baridi inaweza kumwamshia mgonjwa wa siko seli maumivu makali, na huyo hatumwekei barafu kabisa. Uliza kisukari, kisha gusa kwa pamba: asiyehisi pamba hatahisi kuungua. Uliza kama vidole vyake huwa vinageuka vyeupe kisha bluu kwenye baridi, na kama ngozi huvimba na kuwasha ikiguswa na maji baridi. Na usiweke mfuko juu ya kifupa cha nje cha goti wala nyuma ya kiwiko kwa ndani. Hapo mshipa wa fahamu umelala juujuu chini ya ngozi. Mchezaji anayeondolewa barafu gotini kisha anaburuta ncha ya mguu hajachoka. Mshipa umeumizwa na baridi, naye apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Ngozi iliyoganda au kupauka msiisugue, wala msiisogeze kwenye jiko au chupa ya maji moto, maana haihisi na itaungua. Ifunikeni kwa kitambaa kikavu, mtu akae kwenye joto la chumba. Rangi na hisia zisiporudi, au yakitokea malengelenge, mpelekeni hospitali, na daftari liende naye likiwa na saa mliyoweka barafu, saa mliyoitoa, na namba ya mwisho iliyosomwa.